Nyanya ndogo za kujaza: Kitafunio cha karamu chenye maadui wawili, maji na joto

NYANYA ndogo iliyokatwa kofia, ikaondolewa mbegu na kujazwa jibini, mayai au kamba ni miongoni mwa vitafunio vinavyovutia zaidi macho ya wageni kabla ya mlo mkuu kupakuliwa. Ni miongoni pia mwa vile vinavyoharibika upesi zaidi.

Kwa mtazamo wa kwanza, kazi yenyewe huonekana nyepesi. Hakuna unga wa kukanda wala mafuta ya kukaangia. Ndiposa wengi wanaoandalia jamaa zao harusi, ruracio au sherehe ya kufuzu huiacha iwe shughuli ya mwisho. Saa mbili baadaye, sinia huwa limejaa maji mekundu, kijazo kimeteleza kikaanguka kando, na wageni wanaogopa kukigusa wasije wakachafua mavazi yao ya sherehe. Lililo baya zaidi ni kwamba chakula chenye mayai au samaki kinaweza kuwa kimekaa hemani muda wote huo kikisubiri hotuba zimalizike.

Ili kuelewa kwa nini hali huwa hivyo, inafaa kuanza na tunda lenyewe. Takriban asilimia 94 ya uzito wa nyanya ni maji. Sehemu ya maji hayo imeshikiliwa ndani ya kuta za tunda, ilhali sehemu nyingine imo katika rojo linalozingira mbegu, na hili la pili huanza kumwagika mara tu kisu kinapopita. Chumvi nayo huvuta maji. Mpishi anapotia kijazo chenye chumvi ndani ya nyanya ambayo haijakaushwa, chumvi hiyo huendelea kunyonya maji kutoka kwenye kuta kidogo kidogo, na jibini lililokuwa zito saa nne asubuhi huwa uji kufikia saa sita.

Dawa yake ni kuifanya chumvi itende kazi hiyo mapema, kabla ya kijazo kuingia. Hilo litaelezwa baadaye, kwa maana kuna jambo linalotangulia, nalo ni uchaguzi wa nyanya.

Zinazofaa ni zile ambazo mtu mzima anaweza kutia kinywani kwa mara moja bila kuuma vipande viwili, yaani zenye upana wa kati ya sentimita 2.5 na 3.5. Hoteli nyingi hutumia nyanya za cheri, ambazo hupatikana katika maduka makubwa ya mijini. Hata hivyo, mwenye kuandaa karamu ya nyumbani hana haja ya kuzitafuta kwa bei ya juu. Aina za Cal J na Rio Grande, ambazo zimekuzwa hapa nchini kwa miaka mingi, huzaa matunda yenye umbo la yai, kuta nene na rojo kidogo. Katika kreti zinazoshushwa katika masoko kama vile Wakulima jijini Nairobi au Kongowea mjini Mombasa, hazikosi zile ndogo ambazo wanunuzi wengi huzipita. Zikiwa ngumu na zisizo na mipasuko, hizo ni bora hata kuliko za cheri, kwa kuwa kila moja ikikatwa katikati kwa upana hutoa vikombe viwili vinavyosimama vyema.

Nyanya laini iliyoiva mno haifai hata kama ni tamu. Isitoshe, ni muhimu kuchunguza sehemu iliyo karibu na kikonyo. Tangu 2014, wakulima wa Kenya wamekuwa wakikabiliana na nondo anayejulikana kama Tuta absoluta, mwenye asili ya Amerika Kusini, ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda. Mara nyingi tundu huwa dogo mno na limejificha chini ya majani ya kikonyo. Nyanya ya aina hiyo yaweza kung'aa kwa nje huku imeoza ndani, na mwenye kupika mchuzi hataona hasara kubwa, bali anayetaka vikombe 200 vya kujaza atajikuta amepungukiwa siku yenyewe ya karamu.

Kuosha nako kuna hila yake. Wengi huzichukua nyanya zilizopigwa na jua sokoni na kuzitumbukiza kwenye karai la maji baridi. Hewa iliyomo ndani ya nyanya hiyo yenye joto hunywea ghafla, na kwa kunywea huko huvuta maji ya nje kupitia kovu la kikonyo. Ikiwa maji hayo yana viini, huingia navyo, na hakuna kufuta kunakoweza kuvitoa tena. Inapendekezwa maji ya kuoshea yawe safi, yanayotiririka, na yenye joto kidogo kuliko nyanya zenyewe. Tofauti ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi inatosha.

Tahadhari hii si ya kupuuzwa kwa dhana kwamba nyanya ni mboga isiyo na madhara. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa nchini Marekani kiliripoti mwaka wa 2007 kwamba, katika miaka ya 2005 na 2006, milipuko minne mikubwa ya maradhi ya salmonela ilihusishwa na nyanya mbichi zilizoliwa mikahawani. Maabara zilithibitisha wagonjwa 459 katika majimbo 21. Nyanya inayojazwa huliwa mbichi vivyo hivyo, tena baada ya kushikwashikwa na mikono kuliko nyanya nyingine yoyote. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi asubuhi hiyo havipaswi kuikaribia.

Baada ya nyanya kuoshwa na kufutwa, huja hatua ya kukata. Watu wengi hukata upande wa kikonyo kwa mazoea. Wapishi wenye uzoefu hufanya kinyume. Upande wa kikonyo ndio ulio bapa zaidi, kwa hivyo nyanya hugeuzwa ikakalia upande huo na kofia ikakatwa upande wa pili. Ikiwa bado inayumba, kipande chembamba mno cha ngozi hupunguzwa chini yake, bila kutoboa hadi ndani.

Rojo na mbegu hutolewa kwa kijiko kidogo cha chai, au kwa mpini wake iwapo nyanya ni za cheri. Kisha kila kikombe hunyunyiziwa chumvi kidogo sana ndani, kikageuzwa kifudifudi juu ya kitambaa safi au karatasi ya shashi, na kuachwa kwa muda wa nusu saa. Maji yatakayoonekana juu ya kitambaa ndiyo yaliyokuwa yaje kuharibu sinia. Kabla ya kujaza, ndani hufutwa tena ili chumvi iliyosalia isiendelee na kazi yake.

Rojo lililotolewa si taka. Mwaka wa 2007, utafiti uliohusisha Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza ulionyesha kwamba sehemu hiyo ya mbegu ina kiwango kikubwa zaidi cha glutamati, kiungo kinachokipa chakula ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, kuliko nyama ya nyanya yenyewe. Maana yake kwa mwandalizi ni mbili. Kwanza, rojo hilo linafaa kuhifadhiwa kwa ajili ya pilau au mchuzi wa siku hiyo hiyo. Pili, kikombe kilichobaki kimepoteza sehemu ya utamu wake, na kwa sababu hiyo kijazo lazima kiwe na ladha kali kuliko ile ambayo mtu angeridhika nayo akikipaka mkate. Kijazo kilichopoa kinapoonjwa peke yake kikaonekana kimezidi kidogo ndimu au pilipili manga, huwa kimefikia kiasi.

Kujaza nyanya si jambo geni duniani. Tunda hili lilitoka Amerika na kufika Ulaya katika karne ya 16. Tabibu Mwitaliano Pietro Andrea Mattioli alilitaja katika maandishi yake ya 1544. Lilipoenea katika nchi zilizozunguka Bahari ya Mediterania lilikuta watu waliokuwa na mazoea ya kujaza mboga, na likaingizwa katika mtindo huo. Waturuki huita vyakula hivyo dolma, Waarabu mahshi, na Wagiriki gemista, majina ambayo yote yana maana ya kitu kilichojazwa. Nyingi za hizo hujazwa wali au nyama na kupikwa. Wabelgiji nao wana mlo mashuhuri wa nyanya mbichi iliyojazwa kamba wadogo wa kijivu waliochanganywa na mayonezi, na huo ndio ulio karibu zaidi na kitafunio kinachozungumziwa hapa, ingawa wao hutumia nyanya kubwa inayotosha mtu mmoja kwa kisu na uma.

Pwani ya Kenya, ambako nyanya huitwa pia tungule, ina kila kinachohitajika kwa toleo hilo la Kibelgiji. Robo kilo ya kamba wabichi humenywa, uzi mweusi wa mgongoni ukatolewa, na kuchemshwa kwenye maji yenye chumvi kwa dakika mbili au tatu hadi wageuke rangi ya waridi. Wakizidishiwa muda huwa kama mpira. Wakishapoa jokofuni hukatwakatwa, wakachanganywa na parachichi moja lililopondwa, maji ya ndimu, majani ya kitunguu na pilipili mbichi iliyokatwa laini. Ndimu hapa ina kazi mbili, kwa sababu bila ukali wake parachichi hubadilika rangi kuwa hudhurungi kabla ya mgeni wa kwanza kuketi.

Kwa walio mbali na bahari, au wasiokula vya baharini, kijazo kilicho nafuu na kitamu ni cha maziwa mala. Jibini laini la dukani lina bei ghali, lakini kinachokaribiana nalo sana kinaweza kutengenezwa nyumbani usiku mmoja. Lita 1 ya mala yasiyotiwa sukari humiminwa kwenye kitambaa safi cha pamba kilichotandazwa juu ya chujio, kitambaa kikafungwa, na vyote vikawekwa jokofuni juu ya bakuli. Kufikia asubuhi maji ya maziwa huwa yamechuruzika, na kitambaani kumebaki kikombe kimoja hivi cha mtindi mzito unaosimama kijikoni. Maji hayo ya bakulini hukandia unga wa chapati vizuri sana.

Mtindi huo huchanganywa na punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, vijiko viwili vya mezani vya dania iliyokatwa laini, pilipili manga na ganda la limau lililokunwa. Chumvi hutiwa mwisho, tena baada ya kuonja, kwa maana vikombe vyenyewe vimekwisha kupata chumvi yao. Anayetaka kitu cha kutafunika ndani yake anaweza kuongeza pilipili hoho au njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa kidogo. Njugu zikitumiwa, wageni waarifiwe, kama inavyopasa kufanywa kwa kamba na mayai, kwa kuwa wapo ambao miili yao huvikataa vyakula hivyo kwa namna ya hatari.

Kijazo cha tatu, cha mayai ya kuchemsha yaliyopondwa na mayonezi na haradali, kinajulikana na hakihitaji maelezo marefu. Kinachohitaji maelezo ni dhana iliyozoeleka kwamba mayonezi ndiyo huwaharibu watu tumbo. Mayonezi ya dukani yana siki ya kutosha kuzuia viini vingi visizaliane. Hatari huanza yanapochanganywa na mayai, kuku au samaki, kwani ukali wa siki hupungua na viini hupata chakula. Yale yanayotengenezwa nyumbani kwa mayai mabichi ni hadithi nyingine kabisa, na hayafai kwa karamu yoyote ya chini ya hema. Ukali wa nyanya nao hautoshi kulinda kijazo kilicho ndani yake.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba viini huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Chakula cha aina hii hakipaswi kukaa katika joto hilo kwa zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32, muda huo hupungua hadi saa moja. Katika miezi ya Februari na Machi, mchana wa Mombasa hufikia kiwango hicho mara kwa mara. Nairobi ina nafuu, japo hema lililofungwa pande zote huwa na joto kuliko nje.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba saa hizo mbili hujumlishwa. Nusu saa ya kujaza mezani, dakika ishirini garini na robo saa ya maombi ya kufungua sherehe zote huhesabiwa. Kuirudisha sinia jokofuni hakuanzishi hesabu upya.

Kwa hivyo, ratiba ndiyo huamua kama kitafunio hiki kitafaulu. Nyanya ndogo moja hubeba takriban kijiko kimoja cha chai cha kijazo, hivi kwamba kikombe cha mililita 250 hujaza kati ya nyanya 40 na 50. Iwapo kuna vitafunio vingine, kama vile sambusa na mahamri, nyanya tatu au nne kwa kila mgeni zinatosha. Karamu ya watu 50 basi itahitaji hadi nyanya 200. Ikiwa kila moja itachukua dakika moja kukatwa, kutolewa rojo na kujazwa, mtu mmoja atafanya kazi kwa zaidi ya saa tatu, na zile za kwanza zitakuwa zimeharibika kabla ya za mwisho kukamilika. Huu si mzigo wa mtu mmoja.

Siku moja kabla, mala huchujwa, kamba huchemshwa na mayai vilevile. Nyanya zenyewe huachwa nje ya jokofu hadi asubuhi ya karamu. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2016 ulibaini kwamba nyanya nzima zilizohifadhiwa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi kwa siku 7 zilipoteza sehemu kubwa ya harufu yake, kwa kuwa baridi huzizima jeni zinazohusika na utengenezaji wa harufu hiyo, na kuzirudisha kwenye joto la kawaida hakukuirejesha yote. Lakini nyanya ikishakatwa, usalama hutangulia harufu. Vikombe vilivyotolewa rojo hufunikwa vikiwa kifudifudi na kuwekwa jokofuni, na kijazo hutiwa muda usiozidi saa moja kabla ya sinia kutoka.

Umeme ukikatika katikati ya shughuli, jambo ambalo si la ajabu, jokofu lisilofunguliwa huhifadhi baridi yake kwa takriban saa nne. Jokofu linalofunguliwa kila mara na mtoto anayetafuta soda halihesabiwi.

Kuhusu kujaza, vitabu vya zamani vya mapishi hushauri kutia kijazo kwenye mfuko wa plastiki na kukata ncha yake. Tangu mifuko ya kubebea ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, wengi wamerudi kwenye karatasi ya kuokea iliyokunjwa umbo la pia, nayo hufanya kazi hiyo bila dosari. Vijiko viwili vidogo navyo vinatosha kwa asiye na haraka.

Ni vyema masinia yatolewe kidogo kidogo. Sinia la nyanya 30 linaloisha kwa dakika kumi na kufuatwa na jingine kutoka kwenye kasha la barafu ni salama kuliko sinia moja kubwa linalopendeza pichani na kubaki mezani alasiri nzima. Kilichopitisha muda wake hutupwa, hata kama kamba wake waligharimu pesa nyingi.

Watoto wadogo wanahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee. Nyanya ya cheri ina ukubwa na utelezi unaoweza kuziba koo la mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wao hukatiwa vipande vinne kwa urefu, hata ikiwa mtoto analia akitaka iliyo nzima kama ya wakubwa.

Pale ambapo hakuna jokofu wala barafu, ni busara kuachana kabisa na nyanya baridi na kugeukia za moto. Vikombe vya Cal J, vilivyokaushwa kwa njia ile ile, hujazwa nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa na kuchanganywa na wali kidogo, bizari na dania, kisha chenga za mkate zikanyunyizwa juu. Huokwa kwa dakika kumi hadi kumi na mbili katika ovena yenye moto mkali, au katika sufuria yenye kifuniko iliyotiwa makaa juu na chini, kama inavyofanywa Pwani kwa mkate wa mayai. Zikizidi hapo hulegea na kuanguka. Huliwa zikiwa bado zinatoa moshi, na zile zinazosubiri hubaki jikoni karibu na makaa.

Linalosalia ni namna ya kuzisafirisha hadi ukumbini, kwa kuwa nyanya iliyojazwa hubingirika katika kona ya kwanza ya barabara. Trei za karatasi za mayai, ambazo wengi huzikimbilia kwa sababu ya vishimo vyake, hazifai kamwe, kwani maganda ya mayai huweza kuacha humo viini vile vile vya salmonela vinavyoepukwa. Vibati vya kuokea keki ndogo vina vishimo vinavyotosha na huoshwa kwa maji moto. Asiye navyo anaweza kutandaza letusi au kabeji iliyokatwa nyembamba kwenye sinia lenye kingo ndefu, na kusimamisha nyanya humo zikiwa zimeegemeana. Majani hayo pia hunyonya tone la maji litakalokuwa limesalia, na hubadilishwa kabla ya sinia la pili kupangwa.